Maswali ya Wasomaji: Mbu wa Lindoni, Kupe wa Nyikani, Papasi wa Kambini

Katika toleo lililopita tulichapisha makala kuhusu maandalizi ya vijana wanaokwenda kambi za Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria baada ya kumaliza kidato cha sita, na suala la kujikinga na wadudu tuligusia kwa aya moja tu. Aya hiyo ndiyo iliyoleta barua nyingi kuliko makala yote. Tumechagua tano, tumezifupisha bila kubadili maana, na majina tumeyaficha pale wenyewe walipoomba. Anayejibu ni mshauri wetu wa afya ya mazingira, ambaye alifanya kazi hiyo makambini kwa miaka mingi kabla ya kustaafu.

Shikamoo mzee wetu. Kijana wangu amezaliwa na kukulia hapa Dar es Salaam, na sasa amepangiwa kambi mkoani Dodoma. Nimemnunulia chandarua na dawa ya kupaka, lakini mjomba wake aliyepitia jeshi anacheka na kusema kule adui si mbu bali papasi, na papasi chandarua hakimzuii. Nimpe nini mwanangu? — Mama Neema, Tabata

Marahaba, Mama Neema. Mjomba hajakosea kuhusu papasi, ila amekosea kuhusu chandarua. Tuanze na papasi mwenyewe, kwa kuwa wakazi wengi wa jiji hili wanamfahamu kwa jina tu, na wengine humchanganya na kupe. Kupe ana ngao ngumu mgongoni, hukaa majanini, na akishamng'ang'ania mtu au mnyama hubaki hapo siku kadhaa akinyonya mpaka avimbe. Papasi ana ngozi laini yenye mikunjo kama mfuko wa ngozi uliozeeka, rangi yake ni ya udongo, na makazi yake ni ndani ya nyumba: katika nyufa za sakafu ya udongo, chini ya mikeka, katika vumbi la pembeni mwa ukuta ambako maji hayafiki. Mchana hujificha. Usiku watu wakilala hutoka, hunyonya damu kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hurudi katika ufa wake kabla hakujapambazuka, na akikosa mtu wa kumnyonya anaweza kuishi miaka bila kula. Ndiyo maana kijana anayejikagua mwili asubuhi haoni mdudu yeyote na kudhani amelala salama.

Ugonjwa anaouleta huitwa homa ya papasi, na chanzo chake ni bakteria wembamba waliojipinda kama springi. Robert Koch, yule daktari wa Kijerumani aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu, aliufanyia utafiti huku kwetu mwaka 1905. Aliwakuta papasi katika mavumbi ya vibanda walivyokuwa wakilala wapagazi wa misafara iliyotoka pwani kwenda bara, akaonyesha kwamba vijidudu hivyo hupita kutoka kwa papasi jike hadi ndani ya mayai yake. Kwa maneno mengine, papasi anaweza kuanguliwa akiwa tayari ana ugonjwa, hata kama hajawahi kumgusa mgonjwa.

Sasa chandarua. Kikining'inia tu juu ya kitanda huku pindo lake likiburuta sakafuni, ni ngazi ya papasi, na hapo mjomba ana haki ya kucheka. Kikichomekwa chini ya godoro pande zote nne, na kitanda kikasogezwa mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, papasi hana njia. Mwambie kijana asilale sakafuni hata siku ya joto kali, begi na nguo zake azitundike badala ya kuzirundika pembeni, na wakitolewa kwenda mafunzo ya porini wasikimbilie kulala katika kibanda kilichoachwa na wenyewe, hata kama mvua inanyesha. Hanga, yaani bweni la kambini, lenye sakafu ya saruji isiyo na nyufa halimpi papasi pa kukaa. Kibanda cha udongo cha mlinzi wa shamba ndicho cha kuogopa.

Kuna jambo moja ambalo ningependa uliandike kwenye karatasi umpe. Homa ya papasi hupanda ghafla, hutetemesha mwili, huumiza kichwa na viungo, hudumu kama siku tatu, kisha hushuka na mgonjwa hujiona amepona. Baada ya wiki moja hivi hurudi. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kutoboa kidole na kusubiri mstari, hakiwezi kuiona hata kidogo. Inaonekana kwa darubini, tena damu ikichukuliwa wakati homa iko juu. Siku hizi zahanati nyingi zimezoea kipimo cha haraka, na darubini inakaa kabatini imefunikwa kitambaa. Kijana akiugua homa inayoondoka na kurudi, aseme waziwazi: "Naomba damu yangu iangaliwe kwa darubini, huenda ni papasi." Ikigundulika, dawa zake zipo na ni za kawaida, doksisaiklini ikiwa mojawapo, ila zitolewe akiwa chini ya uangalizi, kwa sababu saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kutetemeka na kupandwa na homa zaidi kabla ya kupata nafuu.

Dawa ya kupaka mpe, na usiinyime nafasi kwenye begi kwa ajili ya maneno ya mjomba. Dodoma mbu wapo, hasa mvua zikinyesha, na mtoto aliyekulia katika mtaa wa Dar es Salaam ambao malaria imepungua hana kinga ya mwili ya kumlinda.

Nimerejea kutoka kambini miezi michache iliyopita. Tulikuwa na ng'ombe, na mwenzetu aliyekuwa anahudumia josho alituletea dawa ya kuogeshea mifugo, tukaloweka kombati zetu. Kupe walipungua kweli, lakini mwenzangu mmoja alitokwa na vipele, akawa anatoka jasho na mate mengi hadi akalazwa. Tulikosea dawa au tulikosea kipimo? — Kijana wa Kigamboni

Mlikosea dawa kwanza. Kipimo ni kosa la pili. Nashukuru kwamba umeandika, kwa kuwa mchezo huu ninaufahamu na haukuanza kwenu.

Dawa za josho haziko za aina moja. Zipo za jamii ya organofosfati, ambazo hupenya kwenye ngozi na kuvuruga mawasiliano ya mishipa ya fahamu na misuli: mtu hutokwa jasho, mate na machozi, mboni za macho husinyaa kama tundu la sindano, na akizidiwa hushindwa kupumua. Dalili za mwenzako zinafanana sana na hizo. Zipo za amitrazi, ambazo humfanya mtu asinzie na moyo wake upige polepole. Ng'ombe huogeshwa dakika moja na kuachwa akauke juani. Ninyi mlivaa dawa hiyo kutwa nzima, mkakimbia nayo, mkatokwa jasho, na jasho likaifungulia mlango wa kuingia mwilini. Kama kuna mtu bado ana nguo hizo, azitoe, azifunge kwenye mfuko, asizivae tena, wala asimpe mdogo wake wa kulimia.

Dawa ambayo majeshi mengi duniani hutumia kwenye sare inaitwa permethrini. Asili ya wazo lake hamwezi kuikosa, kwa sababu inalimwa kwetu: ni ua la pareto, lile jeupe lenye kitovu cha njano linalovunwa Mufindi na kwingineko katika nyanda za juu. Unga wa pareto huua wadudu kwa kuvuruga mishipa yao ya fahamu, lakini ukikaa juani hupoteza nguvu upesi. Mwaka 1973 wanasayansi wa kituo cha Rothamsted huko Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walitangaza kiambato cha kutengenezwa maabara chenye tabia ya pareto kisichoharibiwa na jua, na hicho ndicho permethrini. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka "ngao", kile kipakiti cha dawa tulichokuwa tukichovyea vyandarua nyumbani kwenye beseni. Dawa za kombati na za vyandarua ni ndugu.

Namna ya kuitumia ni hii. Tafuta dawa ambayo lebo yake inasema ni ya kunyunyizia nguo, ambayo kwa kawaida huwa na permethrini asilimia 0.5. Nguo isiwe mwilini. Itundike nje kwenye kamba, mahali penye upepo na kivuli, uinyunyizie pande zote mbili mpaka kitambaa kiloe, ukikazia miguu ya suruali, mikono ya shati, soksi na buti. Chupi na kofia usiziguse. Iache ikauke kabisa, kisha vaa. Ikishakauka hushikamana na nyuzi za kitambaa na haitoki kwa urahisi. Sare zilizotiwa dawa kiwandani kwa ajili ya jeshi la Marekani hukadiriwa kustahimili ufuaji wa mara 50 hivi, ingawa ukizipeleka kwa dobi anayesafisha kwa kemikali badala ya maji, dawa hutoka. Kuhusu usalama, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani liliipitia sare ya namna hiyo mwaka 1994 na halikuona sababu ya kuamini kwamba ingemdhuru askari anayeivaa kila siku. Jambo la kuzingatia ni kwamba dawa hii si ya kupaka mwilini: ngozi huivunjavunja, hivyo haina faida hapo. Vilevile paka wa nyumbani na samaki wa bwawani wasiikaribie ikiwa mbichi, kwani huwaua.

Ukitaka kujua kwa nini nimetaja soksi na buti kabla ya kola, simama dakika chache kwenye njia inayopitwa na ng'ombe, nyasi zikiwa magotini, uangalie miguu yako. Kupe wengi hupanda juu ya jani, hunyoosha miguu ya mbele na kungoja apite mtu. Lakini yupo kupe mmoja mkubwa mwenye madoa ya rangi mgongoni, wa jamii ya Amblyomma, ambaye hana subira hiyo. Akisikia pumzi yako hutoka majanini na kukujia mbio juu ya vumbi, anagusa soli ya buti, anapanda kamba, anafika mwisho wa buti, na hapo ndipo bahati yako inapoamuliwa. Kama suruali imechomekwa ndani ya buti na imetiwa dawa, atatambaa juu ya kitambaa hatua kadhaa, miguu itaanza kumcheza, na ataanguka. Kama suruali imening'inia nje, atapanda ndani, kwenye ngozi, na utamkuta jioni kinenani.

Kupe huyo ndiye anayesambaza homa ya kupe ya Kiafrika, ambayo dalili yake kuu ni kidonda kidogo chenye kigaga cheusi pale alipouma, pamoja na mitoki iliyovimba, homa na kichwa kuuma. Iliwakumba askari wa Marekani waliokwenda mazoezini Botswana mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wenye vifaa vyote, kwa sababu walipita katika nyasi za malisho. Kwa wafugaji wetu wanaoniuliza kila mara: ndigana inayoua ng'ombe haimpati binadamu, lakini hiyo haimaanishi kupe ni rafiki yako.

Jioni mkaguane wawili wawili, kwa sababu hakuna anayeweza kuona nyuma ya magoti yake mwenyewe: kwapani, kinenani, chini ya mkanda, nyuma ya masikio, mstari wa nywele shingoni. Ukimkuta amejikita, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu na moja kwa moja bila kumzungusha, kisha osha mahali hapo kwa sabuni. Mafuta ya taa, kiberiti na sigara inayowaka viacheni. Vitu hivyo humchokoza kupe atapike ndani ya ngozi yako kilichomo tumboni mwake, na wewe ubaki na jeraha la moto juu yake.

Mimi ni sajenti na nasimamia zamu za lindo la usiku. Vijana wangu hukunja mikono ya shati kwa ajili ya joto la pwani, dawa ya kupaka wanasema inanata na inanuka, na tukipewa vidonge vya kuzuia malaria kabla ya safari za nje, wapo wanaovitema nyuma ya hanga. Naomba unitajie kinga moja tu ya uhakika nitakayoisimamia kwa nguvu zangu zote. — Jina limehifadhiwa, Dar es Salaam

Afande, nikikutajia moja nitakuwa nimekudanganya, na nadhani wewe mwenyewe unalijua hilo, ila umechoka kubishana na vijana. Kinga ya askari dhidi ya mbu ina tabaka nne: sare iliyotiwa dawa na kuvaliwa sawasawa, dawa ya kupaka kwenye ngozi iliyobaki wazi, chandarua chenye dawa pale anapolala, na vidonge pale anapopelekwa kwenye malaria kali bila kuwa na kinga ya mwili. Kila tabaka lina tundu lake, na linalofuata ndilo huliziba.

Chukua mlinzi wako wa saa nne usiku. Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia usiku unapokolea hadi alfajiri, na hupenda sana vifundo vya miguu na nyayo, hivyo buti tu limeshamsaidia. Lakini mlinzi huyo amekaa kwenye benchi, suruali imekazana mapajani na magotini, shati limembana mabegani, na mahali kitambaa kinapobana ngozi mbu hupitisha mdomo wake kama hakuna nguo. Ukimpa sare yenye nafasi na yenye dawa, umeziba hapo. Uso, shingo na viganja vimebaki wazi. Hapo ndipo pa dawa ya kupaka. Nayo akiipaka saa mbili za usiku jasho likaiosha, kufikia saa nane mbu wamemrudia. Aipake tena katikati ya zamu. Isitoshe, mbu wengi wa nchi hii wamezoea dawa za jamii ya permethrini, kiasi kwamba sare peke yake haiwamalizi. Utafiti uliofanyika wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba vyandarua vilivyochanganywa dawa ya pili ya jamii tofauti viliwalinda watoto vizuri zaidi kuliko vile vya dawa moja. Ukiagiza vyandarua vya kikosi, uliza vina dawa gani.

Kuhusu malalamiko ya kunata na kunuka, vijana hawasemi uongo. Dawa iitwayo DEET ilitengenezwa Marekani mwaka 1946 kwa ajili ya askari wao, baada ya kuteseka katika misitu ya vita vikuu vya pili, na raia wakaanza kuitumia mwaka 1957. Inafanya kazi, lakini huyeyusha plastiki, hubabua rangi na huharibu fremu za miwani. Askari anayejali kitako cha bunduki chake ana sababu ya kuiogopa. Asilimia iliyoandikwa kwenye chupa inaonyesha itadumu muda gani, wala si ukali wake, na ikizidi 50 hakuna faida inayoongezeka. Pikaridini haina harufu kali wala haidhuru plastiki. Kama bajeti inaruhusu, wape hiyo, na utaona ubishi unapungua kwa nusu. Anayepaka dawa ya kuzuia jua atangulize hiyo, kisha ya mbu juu yake.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili ni lako wewe sajenti kabla halijawa la daktari. Agosti 2003, askari wa Marekani 290 walishuka nchi kavu Liberia. Walikuwa na vidonge, walikuwa na dawa za kupaka, na nchi yao ndiyo iliyobuni nusu ya vitu nilivyovitaja hapa. Kati yao 80 waliugua malaria, na kati ya 157 waliolala usiku nchi kavu, waliougua walikuwa 69. Uchunguzi ulikuta kwamba vidonge havikumezwa inavyotakiwa, sare nyingi hazikutiwa dawa, dawa ya kupaka ilitumiwa na wachache, na chandarua hakikutumiwa na mtu. Vidonge na dawa za kupaka vilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kusimama mbele yao na kuhakikisha.

Mfano wa upande wa pili unatuhusu zaidi. Wazee wetu wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma mwaka 1944 walipita katika bonde la Kabaw, mahali palipokuwa na sifa mbaya ya malaria. Jenerali William Slim, aliyeongoza Jeshi la 14 la Uingereza huko, alikuta mwaka uliotangulia kwamba kwa kila askari mmoja aliyeondolewa kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa maradhi. Hakuishia kuwahimiza. Aliamuru vikosi vipimwe damu kwa kushtukiza ili kuona kama kidonge kimo mwilini, na kikosi ambacho wenye dawa hawakufika asilimia 95, alimfukuza kamanda wake. Alihitaji kuwafukuza watatu tu, na waliobaki wakaelewa. Na kama vijana wako wanaona hizo ni hadithi za mbali, wakumbushe kwamba Kariakoo wanakonunua soksi imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa vita vikuu vya kwanza, ambao walikufa zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Wajerumani waliokuwa upande wa pili walichemsha magome ya mti wa kwinini uliopandwa Amani, milima ya Usambara, wakanywa maji yake yaliyo machungu kama nini, kwa sababu meli za dawa hazikufika tena. Aliyekunywa alitembea.

Kwa hiyo, afande, kama lazima uwe na kitu kimoja cha kusimamia, simamia gwaride la dakika tano kabla ya zamu: mikono ya shati imeshushwa, suruali imo ndani ya buti, dawa inapakwa mbele ya macho yako, na kidonge kinamezwa kwa maji mbele ya macho yako, mdomo unafunguliwa. Tena wewe mwenyewe uwe wa kwanza kushusha mikono ya shati. Nimeona kambi ambayo ofisa wake alitoa amri hiyo akiwa amekunja mikono hadi kwenye viwiko, na sina haja ya kukwambia kilichofuata.

Kuna programu ya simu inayotoa mlio wa kufukuza mbu, na wenzangu wa ulinzi wanakula vitunguu saumu kila jioni. Kipi kinafaa zaidi? — Mlinzi, Mbezi

Havifai vyote viwili. Mbu hafukuzwi na mlio wa simu, na kitunguu saumu kitawafukuza abiria kwenye daladala kabla ya mbu. Kivumbasi ulichooteshewa na bibi yako dirishani kinavishinda hivyo kwa kiasi kidogo, na moshi wake husaidia palipotulia, lakini kwa askari aliye doria moshi na harufu ni tangazo la mahali alipo. Nunua dawa ya kupaka.

Mume wangu amerejea baada ya kulinda amani mashariki mwa Kongo kwa karibu mwaka mzima. Siku aliyofika aliacha vidonge vya kuzuia malaria akisema sasa yuko nyumbani. Wiki ya tatu ameshikwa na homa kali, kipimo cha duka la dawa hakikuonyesha malaria, na wamempa vidonge vya maumivu tu. Je, nisubiri? Na watoto wangu wako salama? — Mke wa askari, Ubungo

Dada yangu, usisubiri. Mpeleke hospitali leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, na kwa kuwa ni askari anayo haki ya kwenda hospitali ya jeshi.

Kosa lake la kuacha vidonge ni la wengi. Nyingi ya dawa hizo hufanya kazi baada ya vimelea kutoka kwenye ini na kuingia kwenye damu, na vimelea vilivyoingia mwilini usiku wa mwisho wa Kongo bado viko safarini mtu anapopanda ndege. Ndiyo maana doksisaiklini na meflokwini huendelea kumezwa wiki nne baada ya kuondoka, na atovakoni pamoja na proguanili siku saba. Kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakitoshi, hasa kwa mtu aliyekuwa akitumia vidonge, kwa kuwa vimelea vinaweza kuwa vichache mno; kirudiwe kwa darubini, na kirudiwe tena kesho yake kama homa ipo. Ipo pia malaria ya aina ya ovale, inayojificha kwenye ini na kuibuka baada ya miezi, na daktari asipojua safari yake hataifikiria.

Kuna uwezekano wa pili, na huo unaweza kuwa wa hapa hapa Ubungo. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Jina lenyewe inaaminika lilitoka katika lugha yetu, kidingapopo, kama vile chikungunya ilivyopata jina katika Kimakonde baada ya mlipuko wa mwaka 1952 huko Newala, kwa jinsi inavyomkunja mgonjwa. Mbu wa magonjwa haya mawili huuma mchana, zaidi asubuhi na alasiri, na huzaliana katika maji safi ya ndoo, pipa na tairi. Kwa sababu hiyo, mpaka dengi iondolewe shaka, mume asipewe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, ambazo huzidisha hatari ya kutokwa damu. Apewe parasetamoli na maji mengi. Angalia ni vidonge gani alivyopewa dukani.

Watoto hawataambukizwa kwa kukaa naye wala kula naye. Lakini mbu akimuuma yeye akiwa na homa, anaweza baadaye kuwapelekea ninyi, hivyo alale ndani ya chandarua hata mchana kwa siku hizi, na mapipa yafunikwe leo.

Kabla hamjatoka nyumbani, chukua karatasi uandike: tarehe aliyoondoka Kongo, maeneo aliyolala, kama alilala kwenye hema au kibanda cha udongo, vidonge alivyokuwa anameza na siku aliyoviacha, tarehe homa ilipoanza, na kama ina kawaida ya kushuka na kurudi. Itie mfukoni mwa shati lake. Mtu mwenye homa ya nyuzi 40, akiulizwa na daktari ametoka wapi, mara nyingi hujibu neno moja tu: "Safari."